Kutafsiri “as hell”, “like hell” na “the hell”: hatua kwa hatua

Katika filamu za Kimarekani neno “hell” hutajwa tena na tena, na karibu kila mara hakuna anayezungumzia Jehanamu. Anayeongea amechoka, amekasirika, ameshangaa au amefurahi, na neno hilo ni chumvi tu ya kukolezea alichosema. Mfasiri asiyelijua hilo hutuletea “Baridi kama kuzimu” na “Nini kuzimu unafanya hapa?”, sentensi ambazo hakuna Mswahili aliyewahi kuzitoa kinywani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafsiri maandishi ya chini ya filamu, mahojiano au vichekesho. Anayetaka tu kukielewa Kiingereza cha mtaani utamfaa pia. Anza na nafasi ya neno katika sentensi, kisha maana inayotokana na nafasi hiyo, kisha uzito wake mdomoni mwa anayesema. Kiswahili kinakuja mwisho. Wanaoharibu kazi ni wale wanaoanzia mwisho.

Hatua ya 1: Liondoe, uone kinachobaki

Futa kikolezo chote, yaani “as hell”, “like hell” au “the hell”, kisha isome sentensi upya. Ikisimama na kusema jambo lile lile kwa sauti ya chini, hapo umepata kikolezo. “It's cold as hell” inabaki “It's cold”. “Where the hell is my bag?” inabaki “Where is my bag?”

Isiposimama, neno linafanya kazi nyingine na lina tafsiri yake. “Go to hell” ni tusi: “Potelea mbali!” au, kwa mdomo wa Dar es Salaam, “Kafie mbele!” “My boss gave me hell” ni “Bosi alinitoa jasho” au “Bosi alinikalia kooni”. “The traffic was hell” ni “Foleni ilikuwa si ya nchi hii”. “All hell broke loose” ni “Pakachimbika”, na “There'll be hell to pay” ni “Watakiona cha mtema kuni”. “I did it just for the hell of it” ni “Nilifanya basi tu”. Mhubiri akisema wenye dhambi wataungua “in hell”, hapo ndipo Jehanamu inapoingia kwa jina lake na moto wake.

Kwingine kote iache nje. Kwa msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, Jehanamu ni neno la imani, na anayelitaja ama anahubiri ama anaapiza. Ukiliweka kinywani mwa kijana anayelalamikia hali ya hewa, unamtwisha laana ambayo Kiingereza chake hakikuwa nayo. Waingereza na Wamarekani wenyewe walishaisahau maana ya asili wanapokoleza: mtu yule yule husema “hot as hell” mchana na “cold as hell” usiku, na hakuna anayemuuliza huko kwenyewe kukoje.

Hatua ya 2: Angalia limekaa wapi

Nafasi ndiyo inayoamua maana, na kwenye “like hell” inaigeuza sentensi nzima juu chini.

“As hell” hukaa nyuma ya kivumishi au kielezi: “tired as hell”, “funny as hell”, “he drove fast as hell”. Asili yake ni ulinganisho kamili, “as mad as hell”, ambao “as” ya kwanza imedondoka katika mazungumzo. Kwa hiyo haitangulii kamwe. “He is as hell tired” si Kiingereza cha mtu yeyote. Haiongezewi “very” mbele, wala haikai na kivumishi cha kulinganisha: “colder as hell” ni kosa, ingawa “colder than hell” inasemwa. Ukiisikia mbele ya nomino, kama “a long-as-hell day”, ujue msemaji anacheza na lugha, na kwenye maandishi ni lazima vistari viwepo.

Kuna kauli moja iliyojitenga: “sure as hell”. Hii hukaa kabla ya kitenzi na haina uhusiano na kiasi. “I sure as hell didn't call him” haisemi kwamba sikumpigia sana, inasema sikumpigia na usinibishie. Tafsiri yake ni kiapo au uhakikisho: “Mimi sikumpigia, hilo nakuhakikishia”, au “Wallahi sikumpigia” kama mhusika ni wa kuapa hivyo. “Sana” hapa haina kazi.

“Like hell” ina sura tatu, na ndiyo inayowaangusha wengi.

Ikija baada ya kitenzi cha kutenda au cha maumivu, ni kikolezo: “He ran like hell”, “It hurts like hell”, “We worked like hell”. Maana ni kwa nguvu zote au kupita kiasi.

Ikitangulia sentensi, inakana kila kinachofuata. “Like hell he paid!” maana yake ni kwamba hakulipa hata shilingi. “Like hell I will!” ni kukataa katakata. Mfasiri anayeona “like hell” na kuandika “sana” atakuwa amesema kinyume cha mhusika, na watazamaji watashangaa kwa nini anayekubali amekunja uso. Kiswahili kimejaliwa hapa: “Thubutu!”, “Ng'o!”, “Wapi!”, “Alipe wapi!” Ya mwisho inafaa sana kwa sababu nayo ina umbo la kukubali na maana ya kukana, sawasawa na Kiingereza. “The hell he did” na “the hell I will” ni ndugu zake na hutafsiriwa vivyo hivyo.

Sura ya tatu hujitokeza baada ya “look”, “feel” na “sound”. “You look like hell” haikolezi chochote. Inasema una hali mbaya: “Mbona uko hoi hivyo?” “I feel like hell” ni “Sijisikii vizuri kabisa” au “Niko taabani”. Jaribio la hatua ya kwanza litakuonyesha: ukiifuta “like hell” kwenye “you look like hell” unabaki na “you look”, sentensi iliyokatika mguu.

“The hell” baada ya neno la kuuliza nayo ina masharti yake. Hufuata “what”, “who”, “where”, “when”, “why” na “how” papo hapo, bila kitu katikati. Haikai na “which”, kwa sababu “which” humtaka mtu achague kati ya vitu vinavyojulikana, na “the hell” husema kwamba anayeuliza hana hata pa kuanzia. Kwa sababu hiyo hiyo unasikia “I don't know what the hell he wants”, na husikii “I know what the hell he wants”. Anayejua hana cha kushangaa.

Mara nyingi swali lenyewe halitaki jibu. “Who the hell would buy that?” ina maana hakuna atakayenunua. Kiswahili hukibeba kinyongo hiki kwa maneno madogo yanayotangulia au kufuata swali: “kwani”, “hivi”, “jamani”, “ya nini”, na “wewe” ya mwishoni. “Where the hell have you been?” ni “Kwani ulikuwa wapi wewe?” “Why the hell did you tell him?” ni “Ulimwambia ya nini?” “How the hell did he get in?” ni “Hivi aliingiaje?” “Who the hell does he think he is?” ni “Anajiona nani huyu?” Hakuna hata moja yenye neno la kutisha, na zote zina joto linalotosha.

“What the hell” ikisimama peke yake isikilize kwa sikio, usiisome tu. Ikitamkwa kwa sauti ya kupanda ni mshangao au hasira: “Ndiyo nini sasa?”, “Nini tena hii?” Ikitamkwa kwa kushusha mabega, ikifuatwa na uamuzi kama “What the hell, let's go”, ni ya mtu aliyeamua kutojali: “Liwalo na liwe, twende”, au “Potelea mbali, twende”. Kwenye hati bila picha tofauti haionekani, hivyo omba video kabla ya kuanza kazi.

“The hell” ndani ya kitenzi inahitaji jaribio maalumu, kwa sababu miundo miwili tofauti inafanana kwa macho. Linganisha “Get the hell out of here” na “You scared the hell out of me”. Kwenye ya kwanza futa “the hell” peke yake: “Get out of here” imesimama, kwa maana “out of here” ni mahali pa kweli. Hiyo ni amri iliyokolezwa: “Toka hapa!”, “Ishia!”, “Potea!” “Shut the hell up” na “sit the hell down” ni za kundi hilo. Kwenye ya pili ukifuta “the hell” peke yake unapata takataka. Futa “the hell out of” yote, urudishe mtendwa nyuma ya kitenzi: “You scared me”. Hapo hakuna kitu kilichotolewa nje ya mtu, na mfasiri akiandika “ulitoa hofu kutoka kwangu” atakuwa amemponya mgonjwa asiyekuwepo. Sema “Umenitia kiwewe” au “Roho ilitaka kunitoka”. “They beat the hell out of him” ni “Walimpa kipigo cha mbwa mwizi”. “He annoys the hell out of me” ni “Ananikera kupita kiasi”. Usishangae muundo huu ukitumika kwa mazuri: “I enjoyed the hell out of that concert” ni “Lile onyesho nimelifaidi kweli kweli”.

“Hell of a” hukaa mbele ya nomino, na kwenye maandishi ya mazungumzo utaiona “helluva”. Yenyewe haina upande. Nomino ndiyo inayoamua sifa au lawama: “a hell of a player” ni “mchezaji balaa”, “a hell of a mess” ni “vurugu isiyo na mfano”. Nomino zisizo na upande, kama siku, usiku na wiki, zinategemea muktadha. Ya kuangalia zaidi ni “a hell of a time”. Ikisimama peke yake, “We had a hell of a time”, mara nyingi ni raha: “Tulijirusha si mchezo”. Ikifuatwa na kitenzi cha “-ing”, kama “We had a hell of a time finding parking”, ni taabu: “Tulihangaika mno kupata pa kuegesha”. Herufi hizo tatu zinatosha kukugeuzia sherehe ikawa msiba.

“Hell yes” na “hell no” hazina utata: “Tena sana!” na “Hata kidogo!”, au “Ng'o!” Ila “Hell if I know” si laana: “Mimi nitajuaje!”

Utakutana pia na “hella”, hasa mhusika akiwa kijana wa California ya kaskazini, upande wa San Francisco na Oakland. Hii hukaa mbele ya karibu kila kitu: “hella cold”, “hella people”, “I hella like it”. Ikiwa mbele ya nomino ina maana ya wingi, kwa hiyo “hella people” ni “watu kibao”, “umati wa watu”. Mwaka 2010 mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Davis alianzisha ombi kwamba “hella” iwe kiambishi rasmi cha vipimo, kama “kilo” ya kilomita, kwa maana ya moja yenye sifuri 27. Kikokotoo cha Google kilikipokea, lakini mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo duniani uliichagua “ronna” kwa kiasi hicho. Ilikuwa hasara kidogo, kwa maoni yetu. Kwa mfasiri jambo la maana ni kwamba “hella” humtambulisha msemaji anakotoka, na ukiifanya “sana” tupu umemnyang'anya kwao.

Hatua ya 3: Pima uzito kabla ya kufungua mdomo

“Hell” ni neno la katikati. Chini yake kuna “heck”, ambalo familia nyingi za kidini za Marekani hulitumia mbele ya watoto: “cold as heck”, “what the heck”. Juu yake kuna tusi la herufi nne linaloingia kwenye miundo karibu yote tuliyoitaja. Kwenye ujumbe wa simu “as” pamoja na tusi hilo hufupishwa kuwa “AF”, kwa hiyo “tired AF” ni “tired as hell” iliyopandishwa ngazi. Kundi hilo halikutani na barua ya kazi, risala, wala mwalimu.

Uzito hubadilika pia kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2006 shirika la utalii la Australia lilitoa tangazo lililomalizika kwa swali “So where the bloody hell are you?” Kwa Mwaustralia huo ni ukaribisho wa mtu aliyekwishaweka kiti. Uingereza, waliokuwa wakipitisha matangazo ya televisheni walilizuia mwanzoni kwa ajili ya “bloody”, kabla ya kuliruhusu. Mfasiri wa tangazo kama hilo hapaswi kuandika ukali. “Sasa mbona hamjafika?” inatosha, na ikitamkwa kwa tabasamu inakaribisha kuliko karibuni tatu.

Kwa anayezungumza: Kiingereza kikiwa lugha yako ya pili au ya tatu, maneno haya hayakuchomi masikio kama yanavyomchoma aliyekulia ndani yake, na hapo ndipo hatari ilipo. “Where the hell are you?” kwa rafiki wa rika lako ni utani. Kwa mteja, mkwe au bosi ni dharau, hata ukicheka. Swali lenye “the hell” limebeba lawama ndani yake, wakati “as hell” hubeba hisia tu, na kwa hiyo ndiyo salama zaidi kuanza nayo. “I'm tired as hell” haimtukani mtu. Hata hivyo usiipeleke ofisini.

Hatua ya 4: Tafuta mwenzi wa neno, usitafute neno la “hell”

Kiingereza hukopesha kikolezo kimoja kwa kila kivumishi. Kiswahili mara nyingi humwozesha kila mmoja mwenzi wake, na ndoa hizo hazivunjwi. “Dark as hell” ni giza totoro. “Drunk as hell” ni kulewa chakari. “Quiet as hell” ni kimya jii. “Soaked as hell” ni kulowa chapachapa. “Packed as hell” ni kujaa pomoni. “Tired as hell” ni hoi, au hoi bin taabani kwa anayependa kujaza kinywa. Nyeupe ni pe, nyeusi ni tii, aliyeshiba ameshiba ndi. Kama kitu kina mwenzi wa namna hii, mtumie, hata kama kwenye Kiingereza kikolezo kilikuwa cha kihuni. Ukali unaoupoteza unaurudisha kwa usahihi.

Vitenzi navyo vina misemo yake. “Ran like hell” ni “alitoka nduki” au “mguu niponye”. “Scared as hell” ni “roho mkononi”. “Worked like hell” ni “tulifanya kazi kufa na kupona”. “Broke as hell” ni “mfukoni pakavu”, “nimefulia” kwa Mtanzania na “nimesota” kwa Mkenya.

Pasipo na mwenzi wa kudumu, kuna njia kadhaa, na kila moja ina mwenyewe. “Kama nini” ndiyo iliyo karibu zaidi na “as hell” kwa umbo: ulinganisho uliopoteza kilinganishwa. “Ghali kama nini”, “anapiga kelele kama nini”. Inakaa sawa mdomoni mwa mtu wa umri wowote, na ndiyo tunayoianza tukikwama. Mtu wa pwani hukoleza kwa kiashiria: “Kuna baridi hiyo!”, “Ana maringo hayo!” Bila picha kiashiria hicho kinaweza kusomeka kama cha kuonyesha, kwa hiyo kiwekee alama ya mshangao.

Kisha kuna msamiati wa vijana, ambao injini yake ni ile ile ya “hell”: neno la kutisha lililotolewa meno. Tanzania wana “balaa”, “hatari”, “kinoma”, “ile mbaya” na “si ya kitoto”. “Amependeza hatari”, “anaimba ile mbaya”, “baridi si ya kitoto”. Kenya “mbaya” na “vibaya” hufanya kazi hiyo hiyo: “Nampenda vibaya” haina kasoro yoyote ya mapenzi. Amua mwanzoni mhusika ni wa Dar es Salaam au wa Nairobi na usimhamishe katikati ya filamu. “Kinoma” kwenye dakika ya kumi na “mbaya” kwenye dakika ya ishirini humfanya aonekane amevuka mpaka wa Namanga bila kamera kujua.

Kosa la upande wa pili ni kumpa kila mtu “kinoma”. Bibi wa miaka 70 wa Texas anayesema “it's hot as hell” haongei lugha ya vijana. “Hell” kwake ni neno la maisha yote. Mpe “Joto hilo!” au “Joto limezidi mno”. Maneno ya vijana huchakaa haraka, na filamu utakayoitafsiri leo itaonyeshwa tena wakati “kinoma” imeshakuwa ya wazee.

“Sana” si dhambi. Ni dhaifu tu, kwa sababu tunaitumia hata kwenye “asante sana”. Ukilazimika kuitumia, badili mpangilio: “Nimechoka, nimechoka sana” ina uzito kuliko “Nimechoka sana sana sana”.

Hatua ya 5: Hesabu herufi, kisha isome kwa sauti

Kiwango kinachotumika sana kwa maandishi ya chini ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, pamoja na nafasi zilizo katikati ya maneno. “As hell” inakula herufi 7. “Kupita kiasi” inakula 12. Kwa hiyo wakati mwingine kikolezo hakitoshei, na jibu ni kukihamishia kwenye kitenzi: “I'm hungry as hell” ikawa “Njaa inaniua”, fupi kuliko “Nina njaa kupita kiasi” na kali zaidi.

Si lazima kila “hell” ilipwe. Mhusika anayeitamka kwenye kila sentensi ukimlipia zote atasomeka kama mwendawazimu, kwa sababu maandishi huonekana mazito kuliko sauti. Lipa ile ya kwanza ili mtazamaji amjue, lipa ile ya kilele cha ugomvi, na nyingine ziache uso na sauti ya mwigizaji zizibebe. Baada ya hapo isome tafsiri kwa sauti, ukiwa umefunga hati ya Kiingereza. Mahali ulimi unapokwama ndipo Kiingereza kilipojificha.

Zoezi

Kijana amechelewa kufika nyumbani, dada yake anamsubiri mlangoni:

“Where the hell have you been? It's hot as hell out here.”
“I had a hell of a time finding a taxi.”
“You scared the hell out of Mom.”
“Tell her I'm sorry.”
“Like hell I will. Get the hell in there and tell her yourself.”
“Is she mad?”
“She sure as hell isn't smiling.”

Tafsiri mojawapo, kwa familia ya Dar es Salaam:

“Kwani ulikuwa wapi wewe? Hapa nje joto si la kitoto.”
“Nimehangaika mno kupata teksi.”
“Umemtia mama kiwewe.”
“Niombee radhi, dada.”
“Thubutu! Ingia ndani ukamwombe mwenyewe.”
“Amekasirika?”
“Hatabasamu, hilo nakuhakikishia.”

Mstari wa tano wa Kiingereza una “hell” mbili na Kiswahili kimelipa moja. “Thubutu!” imeshawasha moto wote, na kuongeza “ishia ndani” kungemfanya dada aonekane anamfukuza mtu anayemwingiza. Neno “dada” halimo kwenye Kiingereza. Limeingizwa kwa sababu mdogo anayeomba msaada kwa dada yake mkubwa bila kumwita hivyo angesikika mkaidi, na mkaidi asingetumwa kuomba radhi, angechapwa kwanza. Kama familia ni ya Mombasa, badili joto liwe “Kuna joto hilo hapa nje!” na uiache “Thubutu!” ilivyo. Kama ni ya Nairobi, “Thubutu!” inaweza kuwa “Wapi!”, na joto likawa “Hapa nje ni joto mbaya”.